Ankara ya Maureen

Dhoruba ile waliibatiza jina la mtu,
kama mjomba anayeingia bila kupiga hodi.
Ilipita Brightlingsea usiku wa Jumanne,
nami nilikuwa zamuni Colchester, napiga eksirei
nyonga ya bibi aliyeangushwa na pipa lake la taka.
Alfajiri nikakuta boya langu limebaki peke yake
na futi mbili za kamba, ncha imechanua kama brashi.

Maureen hayupo.

Jina si langu. Nilimnunua nalo
kwa Maureen mwenyewe, mjane wa Ted Gosling,
na hapa husema ukibadili jina la chombo
unakitafutia mkosi.
Mkosi umekuja hata hivyo, wala haukuuliza jina.

Siku ya tatu ikaja barua, mwandiko wa kushikana,
kutoka kwa Desmond Pettican, mvuna chaza wa Mersea:
amemkuta Maureen kalala ubavu kinamasini,
amemvuta kwa mashua yake hadi uani kwake,
amekwisha kumwarifu Mpokeaji wa Mabaki, kama sheria itakavyo,
na anadai tuzo ya uokoaji: asilimia arobaini ya thamani.

Asilimia arobaini!
Ya boti niliyoinunua kwa bei ya baiskeli nzuri?
Bima nayo ilikwisha Septemba; nilisema nitalipa mwisho wa mwezi,
sikusema mwezi gani.

Nikasoma sheria usiku kucha, chai ikipoa.
Pasipo hatari hapana uokoaji.
Pasipo kilichookoka hapana tuzo.
Nikazikariri kama kijana aendaye kuposa.

‘Hatari gani?’ nikamwuliza uani kwake.
‘Boti ilikaa kwenye tope laini, maji yamekupwa,
kama kuku juu ya mayai.’
Bwana Pettican akajipangusa mikono, akanionyesha simu:
picha ya saa kumi na mbili na robo,
upepo umegeuka mashariki, bamvua inapanda,
na hatua thelathini nyuma ya usukani wake
ukuta wa zege.
‘Mawimbi sita,’ akasema. ‘Labda saba, nisikupunje.’

Nikanyamaza kama mtu aliyeona ufa kwenye mfupa
ambao mgonjwa anaapa hauumi.

Tukakaa juu ya makreti, tukaichambua ankara.
Dizeli: nikakata nusu, akarudisha robo.
Msaidizi mmoja, saa tano: msaidizi ni mpwawe,
ana miaka kumi na minne; huyu, nikasema, umlipe chipsi.
Kamba mpya: mpya wapi, tazama, ina mvi.
Kuegesha uani, kwa siku: siku hazikuanza
mpaka barua ilipofika, na posta ilichelewa.
Asilimia arobaini ikashuka ngazi kwa ngazi,
ikikohoa, mpaka kumi na nane.

Chini kabisa, kwa penseli:
*Kukausha daftari, saa moja. Pauni nane.*

Daftari lipi?
Akanifungulia banda la nyavu.
Kwenye uzi, kwa vibanio vya nguo,
kurasa arobaini na kitu zimeanikwa kama dagaa:
mwandiko wa Gosling mwanzo, upepo, kina, sandwichi alizokula;
kisha wangu, Kiswahili, wino umevuja lakini unasomeka.

‘Lugha siijui,’ akasema, ‘ila kuna neno moja
linarudi kila Jumapili. B, a, d, o.
Ni jina la bandari?’

Nikatazama.
Kuziba ufa wa sitaha: bado.
Pampu: bado.
Bima: bado.
Kwenda Walton na kurudi kabla ya giza: bado.
Miaka sita.

Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari.
Yangu ilikuwa na daftari, ikapotea,
na habari zenyewe ndizo zilizonitia aibu.

Nikamwambia ndiyo, ni bandari.
Iko mbali?
Hapana, nikasema. Watu wengi tunaishi pale.

Ankara nililipa kwa awamu tatu, nikibishania kila senti,
isipokuwa zile pauni nane:
hizo nilimtia mkononi palepale, noti moja na sarafu tatu.
Akaandika stakabadhi kwa penseli ileile,
akauliza Maureen nitamrudisha lini majini.

Nikafungua mdomo.
Nikaufunga.